Soma na Macho

Lemayian alinipigia simu Jumatatu asubuhi nikiwa nachagua maharagwe. Mama yake alikuwa amefariki Jumamosi. Hilo nilikuwa nimeshaambiwa, na nilikuwa nimeshalia vya kutosha, kwa hiyo nilidhani ananitajia tu siku ya mazishi. Akanitajia: Ijumaa, nyumbani Isinya. Halafu akanyamaza, kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. "Auntie, kuna kitu ingine," akasema. "Mum alisema ni wewe usome historia yake hiyo siku. Alirudia mara mbili tukiwa hosi. Alisema wewe ndio uko na sauti." Nilimwambia nitampigia baadaye. Nikakaa na ungo mapajani mpaka chai yangu ikapoa ikafanya utando juu. Sijashika maikrofoni tangu nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja. Kanisani wakiniomba nisome matangazo, nasema koo linaniuma. Wamama wa chama chetu wamekata shauri kwamba nina haya, jambo ambalo lingewachekesha sana walionijua nikiwa msichana. Ni mtu mmoja tu aliyejua kwa nini hasa siishiki, na tulikaa miaka yote hii bila kulizungumza. Sasa mtu huyo ndiye ameacha agizo kwamba niishike mbele ya jeneza lake.

Mwaka ule tulikuwa tunaishi pamoja Kitengela, mimi na yeye, katika chumba kimoja cha mabati nyuma ya mashine ya kusaga unga. Kitengela ya wakati ule ulikuwa ukifungua mlango unaweza kuwaona pundamilia wamesimama kwa mbali. Siku hizi ukifungua unaona ukuta wa jirani. Kila kitu chetu kilikuwa na vumbi la unga: blanketi, masufuria, nyusi zetu. Yeye alifanya kazi kwenye shamba la maua, akipanga waridi kwenye mafungu, na alirudi jioni na mikono iliyochanjwa na miiba, akinuka maua na dawa kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimemaliza shule na sifanyi lolote ila kusubiri. Siku zangu za kupika nilipika muthokoi, na yeye alikaa kwenye ukingo wa kitanda akilalamika kwamba Wakamba wanachemsha mahindi mpaka Yesu arudi. Siku zake tulikunywa maziwa aliyoletewa kutoka Isinya, na mimi nikilalamika kwamba Wamaasai wanafikiri sukuma wiki ni chakula cha mbuzi. Kupitia mabati tuliwasikia wanawake waliopanga foleni na madebe yao wakisemana, na mara nyingi tuliacha kula ili tusikie vizuri mume wa nani amefanya nini. Nimeishi kwenye nyumba nzuri zaidi baada ya hapo. Sijawahi kucheka vile tena.

Kazi niliipata kwa sababu ya sauti. Shirika moja kutoka Nairobi, ambalo halipo tena, lilikuwa limefungua ofisi Kajiado, chumba cha juu ya duka la misumari na rangi. Lilikuwa linaendesha kampeni ya kuwakumbuka watu wa sehemu zetu waliochukuliwa kwenda kupigana vita vya Wazungu, vile vya Burma na Uhabeshi, wasirudi. Walitaka majina. Walikuwa na pikapu yenye spika mbili juu, ikizunguka Kitengela, Isinya, mpaka Kajiado, spika zikisema: Mtaje asisahaulike! Mwisho wa mwaka kungekuwa na sherehe uwanjani, ubao mkubwa wenye majina ungefunuliwa, na yote yangesomwa kwa sauti mbele ya watu. Mkuu wa ofisi, Bwana Kioko, alikuwa amenisikia nikisoma somo kanisani Kitengela. Alinifuata hadi nje. "Wewe msichana," akasema, "ukisoma hata maneno ya kawaida mtu anafikiri ni malaika ameleta ujumbe." Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Niliyameza maneno hayo mazima mazima. Kazi yangu ikawa kuzunguka na fomu nyumba kwa nyumba, kuandika majina, na siku yenyewe kuyasoma.

Na sikuwa na sababu ya kuwa na shaka, kwa sababu kwetu jambo hilo lilikuwa zuri tupu. Kanisa letu Kitengela lilijaa familia zilizotoka Ukambani, na Jumapili moja ya Novemba wazee wa kanisa walikuwa na desturi ya kusoma majina ya babu zetu walioishia vitani. Jina likisomwa, wa familia hiyo wanasimama. Ndivyo tulivyofanya siku zote. Mwaka ule niliisoma mimi, na nilimwongeza kwenye orodha mume wa Susu Kalekye, kikongwe aliyekuwa amehamia Kitengela kwa mwanawe, ambaye jina la mumewe halikuwa limewahi kusomwa popote. Susu ni nyanya kwa Kikamba, na sote tulimwita hivyo. Nilipolisoma, alisimama peke yake, akashika benchi la mbele kwa mikono yote miwili, akabaki amesimama mpaka nilipofika mwisho wa orodha. Baada ya ibada alinishika kidevu. "Leo amefika nyumbani," akaniambia kwa Kikamba. Niliondoka pale nikijiona nina dawa mkononi. Nilifikiri uchungu wote wa vita ni wa namna moja, na kwamba unaponywa kwa kutajwa. Nilikuwa mjinga, lakini nataka ieleweke kwamba nilikuwa mjinga mwenye nia njema, ingawa hilo halikumsaidia mtu yeyote.

Jumamosi nyingi nilikwenda na rafiki yangu kwao Isinya, kwa bibi yake. Nilimwita Koko kama wajukuu wote walivyomwita. Kulikuwa na nyumba ya mabati ambayo wanawe walimjengea, na kando yake ile nyumba ya zamani ya matope na samadi, fupi, ambayo ukiingia unapinda mgongo. Koko alilala kwenye ya mabati ili wanawe wasinung'unike, lakini mchana kutwa alikaa kwenye ya zamani. Kila tulipofika niliinamisha kichwa, naye aliweka kiganja chake utosini na kusema, "Nakerai," mtoto, kisha ananipa maziwa yenye harufu ya moshi wa kijinga cha mti anachosafishia kibuyu. Mara ya kwanza yalinishinda. Kufikia katikati ya mwaka nilikuwa naomba niongezewe, na yeye alicheka kwa koo, akimwambia mjukuu wake kwamba Mkamba huyu atammalizia maziwa. Humo ndani, karibu na mlango, kulikuwa na kigoda kidogo cha mwanamume ambacho hakuna aliyekikalia. Siku moja nilitaka kukivuta nikae, rafiki yangu akanishika mkono haraka. "Hiyo wacha," akasema. "Ni ya yule wa mbele."

Yule wa mbele alikuwa kaka yake Koko. Alichukuliwa Koko akiwa msichana mdogo, na aliitwa hivyo kwa sababu walipokuwa wakichunga, yeye alitangulia na ng'ombe, na Koko alifuata nyuma na ndama. Hilo ndilo jina pekee nililolisikia. Katika nyumba ile hawakuwataja wafu kwa majina yao. Si kwa hasira wala kwa kusahau. Aliyekufa ameachwa apumzike, na jina lake limeachwa naye. Wanawe Koko walikuwa wameokoka na majina yao yalikuwa kwenye vitabu vya kanisa, lakini mbele ya mama yao walinyamaza pia. Kaka huyo aliondoka wakati mvua za vuli zimeanza, na kabla ya kwenda aling'oa kishungi cha nyasi mbichi akamwekea dada yake mkononi. Kwa hiyo kila mwaka, nyasi za kwanza zikitoka baada ya mvua hizo, Koko aliwaita walio karibu. Mwaka ule nilikuwemo. Alikiweka kishungi cha nyasi juu ya kigoda, akamwaga maziwa kidogo chini miguuni pake, halafu tukapewa chai. Hakuna anayesema neno mpaka wa mwisho amalize kikombe chake. Mjomba mmoja alikunywa polepole sana, na mimi, ambaye siwezi kunyamaza hata usingizini, nilisikia mbuzi nje, nikasikia chai ikishuka kooni mwangu. Ilipokwisha, Koko alisema tu, "Sawa," na watu wakaanza kuzungumza habari za bei ya nyasi kavu. Nilifikiri: hii ndiyo yote?

Siku hiyo hiyo, wengine walipotoka, aliniita nibaki. Alitoa chini ya kitanda mkebe wa biskuti uliopauka, na ndani ya mkebe karatasi iliyokunjwa mara nyingi hata mikunjo yake ilikuwa inakatika. Aliipokea baba yake kutoka kwa Mzungu wa wilaya. Hakuna aliyeisoma kwa miaka mingi, wanawe walikataa kuigusa. "Wewe najua kusoma," akaniambia. "Lakini soma na macho. Mdomo iache." Nilikwenda nayo mlangoni penye mwanga. Ilikuwa imepigwa chapa kwa Kiingereza, mistari michache, na jina lilikuwa pale katikati kwa herufi kubwa. Sitaliandika hapa. Niliisoma kwa macho kama alivyotaka. "Hiyo karatasi nasema walimlaza wapi?" akaniuliza. Nikaangalia tena, mbele na nyuma. Haikusema. Ilisema ametoweka, ikasema pole. Nikamwambia, "Koko, haijasema mahali." Alitikisa kichwa taratibu, akaichukua, akaikunja kwenye mikunjo yake ya zamani. "Basi hajui njia," akasema, zaidi kwake mwenyewe kuliko kwangu. Alinipa maziwa, nikarudi Kitengela nikiwa na lile jina kichwani.

Sherehe ilikuwa imebaki wiki mbili. Siku moja nilikuwa ofisini Kajiado nikipanga fomu, na Bwana Kioko alikuwa kwenye simu na watu wa Nairobi, mlango wazi. "Ndio, mkuu," alikuwa akisema. "Tutawapata Wamaasai. Ndio. Hata mmoja, ndio, naelewa." Alipoweka simu alikuja akasimama juu ya meza yangu, akaipekua orodha. Mutua, Musyoka, Nzioka, Mutiso. Karibu wote walikuwa wetu. "Mutheu," akasema, "hii ni Kajiado. Hii ardhi si ya mama yako. Tukisimama kwa uwanja yao tusome Wakamba watupu, watasema tumekuja kuwachukulia hata maombolezo. Si wewe unakaa na msichana wa Kimaasai? Hakuna mtu alienda vita kwao?" Ningesema hapana. Ni neno fupi sana. Badala yake nikasema yuko mmoja. Nikachukua kalamu nikaliandika, na nilipokuwa naliandika nilijiambia kwamba Koko alikataza mdomo, hakukataza mkono. Kwamba ubao ni kitu cha kusomwa na macho. Nilijiambia nitamweleza rafiki yangu jioni. Jioni alirudi amechoka, akala, akalala na viatu. Nikasema kesho. Wiki mbili zina kesho nyingi, na nilizitumia zote.

Lililo baya zaidi ni kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyemwalika Koko. Nilimwambia ni siku ya kuwakumbuka waliokwenda, na kwamba mimi nitasema mbele ya watu. Sidhani alijali kampeni. "Nakuja kusikia sauti yako," akasema. Alikuja na mjukuu wake, amevaa shanga zake za siku za maana na shuka jipya jekundu, na niliwatafutia viti vya mbele kabisa chini ya hema, karibu na wakubwa. Rafiki yangu alinipungia mkono kwa mzaha, akinionyesha kwamba nimevaa kama mke wa mbunge. Uwanja wa Kajiado ulikuwa umejaa: watoto wa shule, wazee wenye fimbo, wanawake wa kanisa letu waliokuja wote kutoka Kitengela na Susu Kalekye katikati yao. Mvua ilikuwa imenyesha na nyasi zilikuwa mbichi kila mahali. Nikapanda jukwaani, Bwana Kioko akasimama kando yangu na nakala yake ya orodha, akifuata kwa kalamu. Nikaanza. Nilisoma jina, nikanyamaza, nikasoma jina. Watu walitulia namna ambayo sijawahi kuiona tena. Hata watoto. Spika zililipeleka kila jina mpaka kwenye maduka ya ng'ambo, na likarudi.

Jina la kaka yake Koko lilikuwa mstari wa kumi na saba. Nililiona nikiwa bado kwenye wa kumi. Nimekuwa na miaka mingi ya kuhesabu mistari ile saba, na kila nikiihesabu napata muda wa kutosha. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kujifanya nimekosea ukurasa. Bwana Kioko angeniuliza, ningesema samahani, mambo yangekwisha. Siwezi kumlaumu yeye na kalamu yake. Ukweli ni kwamba ule utulivu ulikuwa mtamu. Watu wote wale walikuwa wananingoja mimi, na nilitaka kumpa Koko kile nilichompa Susu Kalekye, na nilitaka aone ni mimi ninayempa. Nililisoma. Nililitamka vizuri, kila silabi mahali pake, kwa sababu nilikuwa nimelifanyia mazoezi nyuma ya mashine ya unga, inapopiga kelele na hakuna anayesikia.

Koko hakusimama. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba watu husimama. Kwa muda alibaki ameketi kama aliyeguswa na mtu kwa nyuma, halafu aliteremka kutoka kwenye kiti, akapiga magoti, akang'oa nyasi kwa mikono yote miwili na kuziinua juu, akitikisa kichwa, midomo yake ikienda. Anayejua mambo ya Wamaasai anajua maana ya nyasi zikiinuliwa hivyo. Ni kuomba amani, ni kusema tafadhali. Watu wa mjini walidhani anabariki sherehe. Wakapiga makofi. Mpiga picha wa shirika alikimbia akainama mbele yake, akampiga picha nyingi. Nilimwona rafiki yangu akimsukuma yule mpiga picha kwa kiwiko, akimfunika bibi yake kwa lesso yake mwenyewe. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisoma wa kumi na nane. Nikasoma mpaka mwisho.

Niliwakuta kwenye ukingo wa uwanja, wamekaa kwenye jiwe, Koko bado ameshika zile nyasi. Niliinamisha kichwa mbele yake kama siku zote. Mkono wake haukuja. Alikuwa hana hasira, na ndicho kilichoniua. Alikuwa anaangalia upande wa barabara kama mtu anayengoja mgeni. "Umemwita," akaniambia. "Na ile kitu kubwa ya kelele umemwita. Alikuwa amelala. Sasa ameamka anasema, nani ananiita? Anataka kuja. Na hajui njia." Kisha akaniuliza, kwa kutaka kujua kweli, kama vile mimi niliyesoma shule ningekuwa na jibu: "Sasa mimi nafanya nini?" Rafiki yangu alimwinua bibi yake, akamwelekeza barabarani, halafu akarudi hatua mbili kwangu. Nilitamani anipige. "Ungeruka tu," akasema. "Mstari moja, Mutheu. Ungeruka tu."

Niliporudi Kitengela jioni ile, godoro lake halikuwepo. Alikuwa amechukua nguo zake na chupa yake ya chai, akaniachia sufuria, ingawa sufuria ilikuwa yake. Kupitia mabati niliwasikia wanawake wa foleni wakisema yule msichana wa Kikamba alisoma kama redio, kwamba nitafika mbali. Nilipika muthokoi kwa sababu ilikuwa siku yangu, na sikuula. Wiki iliyofuata nilikwenda ofisini nikamwomba Bwana Kioko alifute lile jina kwenye ubao. Alinitazama kwa mshangao. "Kwani wewe si ndio ulileta?" akasema. "Halafu hiyo picha ya mama na nyasi imependwa sana Nairobi." Niliacha kazi siku hiyo, lakini tusiseme kwamba ni ushujaa, kazi yenyewe ilikuwa imebakisha siku tatu. Ubao ulibaki pale uwanjani mpaka jua likala rangi. Baadaye mtu aling'oa bati la ubao huo, nikasikia ameezekea banda la kuku. Nilishukuru moyoni mwangu kwa mwizi huyo.

Nilikwenda Isinya mara moja tu, nikiwa na sukari na majani ya chai. Koko alinikaribisha. Alinipa maziwa, yaleyale, yenye moshi. Aliniuliza hali ya mvua kwetu. Hakuniita nakerai, wala sikuthubutu kuinamisha kichwa. Nilipotazama karibu na mlango, kigoda hakikuwepo. Sikuuliza, na yeye aliona nimeona. "Nimekipeleka nje," akasema, "kwa njia. Akija amechoka, akae." Nilikiona nilipokuwa nikiondoka, kando ya njia inayotoka barabara kubwa, peke yake kwenye upepo, na mbuzi mmoja akikinusa. Kila jioni, niliambiwa baadaye, Koko alitembea mpaka pale akasimama mpaka mbuzi waingie. Alikufa kabla ya mvua za masika. Habari nilizipata kwa mwanamke mmoja kwenye foleni ya unga, baada ya wiki mbili, na nilizika uso kwenye blanketi lenye vumbi nikalia peke yangu, kwa sababu aliyestahili kulia na mimi ndiye niliyekuwa nimemfukuza.

Watu huuliza urafiki unarudije. Wetu ulirudi kwa nyanya za sokoni. Miaka mitano hivi ilikuwa imepita, nikamkuta sokoni Kitengela na mtoto mgongoni, ndiye huyu Lemayian, akibishana juu ya nyanya zilizooza. Nikamsaidia kubishana, na mimi nikianza kubishana hakuna mchuuzi anayeshinda. Alicheka kabla hajakumbuka kwamba hatucheki pamoja. Tukanunua, tukagawana, tukaenda. Baada ya hapo tulitembeleana. Nilimlea mtoto wake alipolazwa, yeye alinizikia mume. Lakini ule mwaka tulitembea kando yake, kama unavyolikwepa shimo la njiani unalolijua. Mara moja tu, alipokuwa ameanza kuugua, aliniuliza bila kutarajia, "Wewe bado husomi kanisani?" Nikamwambia koo linaniuma. "Hiyo koo yako," akasema, na akageuzia maneno kwingine.

Ijumaa nilifika Isinya mapema. Nyumba ya zamani haipo, pana tangi la maji. Hema lilikuwa la bluu, viti vya plastiki, spika mbili nyeusi zimesimama kwenye vyuma. Hawa ni watu wa kanisa, jina la marehemu halimwogopeshi mtu. Lilikuwa kwenye bango getini, kwenye kila kijitabu, mchungaji alilitaja akisali, kwaya ikaliimba. Hakuna aliyekosea, na sikumlaumu yeyote. Lemayian akanipa karatasi mbili zilizopigwa chapa. "Alikuwa anasema mimi naandika," akaniambia. "Hakutaka tubadilishe kitu." Nilizisoma kwa macho, nimesimama nyuma ya tangi. Jina lake lilikuwa mwanzo wa kila aya. Kuzaliwa kwake, shule, shamba la maua, chumba cha nyuma ya mashine ya unga, na hapo palikuwa na sentensi moja: aliishi na rafiki aliyemchekesha. Hapakuwa na neno lingine juu yangu. Sikujua kama amenisamehe au amenipa mtihani, na nimekata shauri kwamba pengine hata yeye hakujua.

Wakaniita. Maikrofoni ilikuwa nzito kuliko nilivyokumbuka. Nikaanza. Sauti ilikuwepo, imekwaruzika kidogo, lakini ilikuwepo, na watu wakatulia. Nikasoma maisha yake yote. Mwenzetu alizaliwa hapa Isinya. Mwenzetu alisoma. Mama huyu alijifungua watoto watatu. Bibi huyu alipenda maziwa na hakupenda muthokoi; hilo niliongeza mimi, na watu wakacheka huku wanalia. Nilifika mwisho, nikairudisha maikrofoni, nikaenda kusimama upande wa nyasi. Zilikuwa kavu, mvua hazijaja, lakini niling'oa chache, na zamu yangu ilipofika kaburini nilizidondosha kabla ya udongo.

Watu walipokwenda kula, Lemayian alinifuata na sahani ya wali. Alikuwa na adabu ya mama yake, alisubiri nikae kwanza, nipate maji. "Asante, Auntie. Ilikuwa poa sana," akasema. Halafu, kwa upole, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mzee ambaye labda macho hayaoni vizuri siku hizi: "Lakini Auntie, uliruka jina la Mum. Kila mahali."

"Ndio," nikamwambia. "Niliruka."